Jenereta ya Akiba Nyumbani: Hesabu Kwanza, Nunua Baadaye

Mkulima wa skimu anajua faida ya hesabu. Hanunui ng'ombe wa tatu kabla ya kupima majani aliyo nayo, wala hapandi viazi kabla ya kujua atapata wapi mbegu njema. Lakini likija jambo la jenereta, wengi wetu husahau hesabu. Stima hupotea jioni, vifaranga hulia kwa baridi usiku kucha, na asubuhi yake mtu huchukua fedha zake akaenda dukani na kununua mashini ya kwanza anayoonyeshwa. Baadaye huona kwamba mashini ile ni ndogo, haiwezi kuvuta pampu. Au ni kubwa mno, nayo hunywa petroli mpaka faida ya maziwa ikaisha. Na mara nyingine mashini iliyonunuliwa ili kuokoa mali huleta msiba ndani ya nyumba.

Mpango wa Ekari Milioni ulipoanza mwaka 1962, na mashamba makubwa yakagawanywa, familia zilizohamia humo ziliwasha taa za mafuta na kuteka maji mtoni. Hapakuwa na stima ya kupotea. Leo nguzo zimefika katika skimu nyingi. Stima huvuta maji, hupasha vifaranga joto, na huweka baridi dawa za chanjo za mifugo. Basi ikipotea, kazi nyingi husimama kwa pamoja. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, ikapotea tena kwa namna hiyo mwezi wa Novemba na mwezi wa Desemba mwaka ule ule. Mbali na siku kubwa kama hizo, kila mkulima anajua habari za mti ulioangukia waya, au transfoma iliyopigwa na radi, na kijiji kukaa gizani siku kadhaa.

Kwa hiyo katika somo hili tutajifunza mambo mawili. Kwanza, namna ya kuchagua jenereta inayolingana na kazi za shamba. Pili, namna ya kuiweka ili isimdhuru mtu. Shika kalamu na karatasi, maana tutafanya hesabu.

ANDIKA KAZI ZAKO

Usianze kwa kuuliza, "Ninunue jenereta ya ukubwa gani?" Anza kwa kuuliza, "Stima ikipotea leo, ni kazi gani haziwezi kungoja mpaka kesho?" Keti na mwenzako wa nyumbani muandike kazi hizo pamoja, kwa kuwa mara nyingi mama ndiye anayejua vizuri zaidi habari za maji, kuku na maziwa.

Gawanyeni karatasi sehemu mbili. Upande mmoja andikeni kazi zisizoweza kungoja: taa chache, joto la vifaranga, friji yenye dawa ya mifugo, redio na simu. Upande wa pili andikeni kazi zinazoweza kungoja, au kufanywa kwa njia nyingine: kupiga pasi, kuchemsha maji kwa birika la stima, kukata majani kwa mota, kutazama televisheni. Pasi moja huvuta wati 1,000 au zaidi, na birika huvuta wati 2,000 hivi. Makaa au kuni zitafanya kazi ile ile bila kukulazimisha kununua mashini kubwa.

JUA WATI ZA KILA KITU

Nguvu za stima hupimwa kwa wati. Kila kifaa kina kibao au karatasi ndogo iliyobandikwa nyuma au chini, nayo huonyesha wati zake. Ikiwa kibao kinaonyesha ampea tu, zidisha ampea kwa 240, maana stima yetu ya nyumbani ni ya volti 240. Kwa mfano, kifaa cha ampea 2 huvuta karibu wati 480. Ikiwa ni mota iliyoandikwa nguvu za farasi, kumbuka kwamba nguvu moja ya farasi ni wati 746. Lakini mota hupoteza nguvu kidogo kwa joto, basi mota ya nguvu moja ya farasi uihesabu kuwa wati 1,000.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo linaloharibu hesabu. Mota inapoanza kuzunguka huvuta nguvu nyingi kuliko inapokuwa imekwisha shika mwendo. Ni sawa na mkokoteni uliopakiwa viazi: kuutoa mahali uliposimama ni kazi ngumu kuliko kuuendeleza ukishaanza kwenda. Mota ya pampu inayofanya kazi kwa wati 1,000 huweza kutaka wati 3,000 au zaidi kwa nukta chache za kuanza. Friji nayo ina mota ndani yake. Friji ya wati 150 huweza kutaka wati 900 inapoanza. Taa, redio na simu hazina tabia hiyo.

Sasa tuchukue mfano wa nyumba moja ya skimu yenye kazi hizi:

Taa 6 za wati 9 kila moja: wati 54.
Redio na kuchaji simu: wati 30.
Friji: wati 150.
Taa nyekundu ya kupasha vifaranga joto: wati 250.
Pampu ya maji ya nguvu moja ya farasi: wati 1,000.

Jumla ni wati 1,484. Lakini hesabu haijaisha. Tafuta mota moja inayotaka nguvu nyingi zaidi wakati wa kuanza. Hapa ni pampu. Pampu itataka wati 3,000, nasi tumekwisha kuihesabia 1,000, basi tunaongeza 2,000. Jumla sasa ni wati 3,484. Hatuongezi za friji pia, kwa sababu tutaziwasha moja baada ya nyingine, si kwa pamoja.

SHAMBA LA JUU HUPUNGUZA NGUVU

Mkulima wa Kinangop, Ol Kalou au Molo asikilize hapa kwa makini. Injini hupumua hewa kama mtu. Katika nchi za juu hewa ni nyepesi, na injini haipati ya kutosha. Nguvu zake hupungua karibu 3.5 katika kila 100 kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Shamba lililo mita 2,400 juu ya bahari liko ngazi 8 za mita 300. Zidisha 8 kwa 3.5, upate 28. Maana yake, jenereta iliyoandikwa wati 100 itakupa wati 72 tu huko kwako. Mashini si mbovu, wala mwuza hakukudanganya, ni hewa.

Basi katika mfano wetu, gawanya wati 3,484 kwa 0.72. Utapata karibu wati 4,840. Nyumba hiyo, ikiwa inataka kuvuta pampu kwa jenereta, yahitaji mashini ya wati 5,000. Mtu aliyenunua ya wati 3,500 kwa sababu jumla yake ilikuwa 3,484 ataona pampu inanguruma bila kuzunguka, na isipozimwa upesi, mota itaungua.

Tena, katika nchi za juu injini hupata petroli nyingi kupita kiasi cha hewa iliyopo. Hutoa moshi mweusi, na plagi ya injini hujaa masizi. Mwulize mwuza kama kabureta yaweza kurekebishwa kwa ajili ya nchi ya juu. Hilo litapunguza moshi na kuokoa petroli, lakini nguvu zilizopungua hazirudi zote, basi usiiache hesabu yako.

PUNGUZA KAZI KABLA YA KUONGEZA MASHINI

Sasa tazama tena karatasi yako. Katika mfano wetu ni pampu peke yake inayotuvuta kwenye mashini kubwa. Je, maji hayawezi kuwekwa akiba? Tangi lililoinuliwa juu ya mnara, likijazwa kila siku stima inapokuwapo, litawapa watu na ng'ombe maji kwa siku moja au mbili bila pampu. Ukiiondoa pampu, kazi zilizobaki ni wati 484. Ongeza wati 750 za friji kuanza, upate 1,234. Gawanya kwa 0.72 kwa sababu ya mwinuko, upate karibu wati 1,715. Mashini ya wati 2,000 yatosha, tena inabaki nafasi kidogo.

Tofauti ya mashini ya wati 5,000 na ya wati 2,000 si bei ya dukani tu. Mashini kubwa hunywa petroli nyingi hata inapofanya kazi ndogo. Mtu anayewasha mashini ya wati 5,000 ili kupata taa nne na redio ni kama mtu anayewasha lori kwenda kununua chumvi. Kwa taa na simu, taa za jua zenye betri hufaa zaidi, maana hazinywi petroli, hazina moshi, wala hazipigi kelele. Jenereta iachiwe kazi nzito.

Maziwa nayo yana njia yake. Maziwa hutoka kiweleni na joto la digrii 37 hivi, na katika joto hilo vijidudu huzaana upesi sana. Lakini friji ya nyumbani haiwezi kupoza debe zima kwa haraka, hata ikiwa na stima. Ni afadhali usimamishe mkebe safi katika birika la maji baridi mpaka shingoni, ukoroge maziwa kwa kijiti safi cha chuma, ubadilishe maji yakipata joto, na ufikishe maziwa kwenye kituo cha kupozea kabla ya saa 2 au 3 kupita tangu kukamua. Kazi ya kupoza maziwa mpaka digrii 4 ni ya kituo cha chama. Ikiwa kituo chenu hakina jenereta ya akiba, lizungumzeni jambo hilo katika mkutano wa chama. Jenereta moja kubwa ya dizeli inayolinda maziwa ya watu 200 ina faida kuliko jenereta ndogo 200 majumbani.

Na friji haihitaji mashini kunguruma usiku kucha. Friji iliyofungwa mlango bila kufunguliwa hutunza baridi kwa saa 4 hivi. Basi wawezesha kuwasha jenereta kwa muda, ukaizima, ukaiwasha tena baadaye. Lakini chanjo nyingi za mifugo hutaka kukaa kati ya digrii 2 na digrii 8. Weka kipimajoto kidogo ndani ya friji na ukitazame, usikisie.

KUCHAGUA DUKANI

Ukishajua wati unazotaka, ndipo uende dukani. Tazama mambo haya:

1. Kibao cha jenereta mara nyingi huwa na hesabu mbili. Moja ni nguvu ya juu kabisa, ambayo mashini yaweza kutoa kwa muda mfupi. Nyingine ni nguvu ya kuendelea. Wewe nunua kwa ile ya kuendelea, nayo ndiyo ndogo. Rangi na maneno makubwa ya ubavuni si kibao.

2. Ikiwa kibao kimeandikwa kVA, tazama kama pana hesabu 0.8 karibu yake. Ikiwapo, zidisha. Jenereta ya 2.5 kVA ni ya wati 2,000, si 2,500.

3. Mashini iwe ya volti 240 au 230, na mizunguko 50. Mashini iliyotengenezwa kwa nchi za volti 110 haifai kwetu.

4. Petroli au dizeli? Injini ndogo ya petroli ni rahisi kununua na nyepesi kubeba, nayo yafaa kwa mtu anayeitumia saa chache kwa mwezi. Injini ya dizeli ni ghali na nzito, lakini hustahimili kazi ndefu ya kila siku, nayo hufaa kwa kituo cha maziwa.

5. Mwulize mwuza kama vipuri vinapatikana katika mji ulio karibu nawe, na kama yuko fundi anayeijua mashini hiyo. Jenereta isiyo na chujio la hewa la kubadilisha itakuwa chuma kikuukuu upesi.

6. Mwombe mwuza aiwashe mbele yako, tena aipe kazi ya kufanya. Kuunguruma tu si ushahidi. Dai risiti, kitabu cha maagizo, na karatasi ya ahadi ya kutengenezewa.

Ukifika nyumbani, pima unywaji wake wa petroli. Jaza tangi, iendeshe saa moja ikifanya kazi zako za kawaida, izime, ingoja ipoe, kisha ujaze tena kwa chupa ya kipimo. Kiasi ulichojaza ndicho inachokunywa kwa saa moja. Ikiwa ni lita moja, basi saa 4 kwa siku kwa muda wa siku 3 ni lita 12. Linganisha fedha za lita hizo na hasara unayoikinga. Andika katika daftari la shamba, maana mali bila daftari huisha bila habari.

MOSHI WAKE HUUA

Sasa tumefika kwenye sehemu iliyo muhimu kuliko zote. Mashini ikinunuliwa vibaya, hasara yake ni ya fedha. Mashini ikiwekwa vibaya, hasara yake ni ya watu.

Katika moshi wa jenereta mna hewa ya sumu isiyo na rangi, harufu wala ladha. Moshi unaouona na kuunusa si ndiyo sumu yenyewe. Sumu yaweza kujaa chumbani bila wewe kuona moshi wo wote. Huingia katika damu na kuzuia hewa njema isifike mwilini. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutaka kutapika, hulegea. Mtu aliyelala hatasikia hata moja ya dalili hizo. Hataamka.

Kwa nini basi watu huiweka ndani? Kwa sababu mbili: mvua na wezi. Sababu hizo ni za kweli, nasi hatuzidharau. Lakini dawa yake si kuingiza mashini jikoni, stoo, barazani wala chini ya dirisha. Kufungua dirisha au mlango hakutoshi. Fanya hivi:

Weka jenereta nje, mita 6 au zaidi kutoka nyumbani, yaani kiasi cha hatua 8 ndefu. Bomba la moshi lielekee upande usio na nyumba, na upande ambao upepo hauleti moshi kwenye madirisha. Mwaga sakafu ndogo ya saruji iliyoinuka ili maji ya mvua yasifike. Simamisha nguzo nne na uezeke mabati juu, bila kuta, ili hewa ipite na moto usishike. Tia pete ya chuma katika saruji hiyo, na ufunge mashini kwa mnyororo na kufuli. Hivyo umeishinda mvua, na mwizi pia atapata taabu.

Usiiweke katika nyumba ya kuku wala zizi la ndama, kwa kuwa sumu haichagui kati ya mtu na mnyama. Na jambo hili halihusu jenereta peke yake. Jiko la makaa lina sumu ile ile. Mkulima anayepasha vifaranga joto kwa jiko aache matundu ya hewa upande wa juu wa nyumba ya kuku, na mtu asilale humo.

Ikiwa mtu ameanza kuumwa kichwa mashini inapofanya kazi, watoe wote nje kwenye hewa safi mara moja, kisha uizime mashini, na umpeleke mgonjwa hospitali. Usiseme ni uchovu wa kazi.

USIPELEKE STIMA KWENYE NGUZO

Hatari ya pili haimpati mwenye jenereta tu, bali humpata mtu asiyemjua. Watu wengine hutengeneza waya wenye plagi pande zote mbili. Upande mmoja huingia katika jenereta, na mwingine huchomekwa katika soketi ya ukutani, na taa zote za nyumba zikawaka. Waonao husema, "Fundi huyu ni hodari." Kumbe ametega mtego.

Fahamu linalotokea. Transfoma iliyo kwenye nguzo hupokea stima kali ya volti 11,000 au 33,000, ikaishusha mpaka volti 240 kwa matumizi ya nyumbani. Lakini transfoma haijui mbele na nyuma. Ukiipelekea volti 240 kutoka nyumbani kwako, itazipandisha ziwe maelfu upande wa pili. Huko, mvuani, amepanda kijana wa kampuni ya stima ili atengeneze waya uliokatika, akijua kwamba laini imezimwa. Anashika waya, na stima iliyo ndani yake imetoka jikoni kwako. Watoto wanaopita karibu na waya ulioanguka wamo katika hatari ile ile. Tena stima ya kampuni ikirudi wakati jenereta yako imeunganishwa hivyo, itaiunguza mashini, na huenda ikaiunguza nyumba.

Kuna njia mbili za halali, nawe uchague moja.

Njia ya kwanza ni ya waya wa kuongezea. Jenereta haiunganishwi na nyumba hata kidogo. Unachomeka friji au taa katika waya unaotoka moja kwa moja kwenye jenereta. Waya uwe mnene wa kutosha, uwe na nyuzi tatu ndani, na usiwe na jeraha. Ikiwa umezungushwa kwenye gurudumu lake, uufungue wote, maana ukifanya kazi ukiwa umezungushwa hupata joto na kuyeyuka. Usiupitishe chini ya mkeka, wala mahali ng'ombe hukanyaga.

Njia ya pili ni swichi ya kubadilishia, iwekwayo karibu na swichi kuu ya nyumba. Swichi hiyo ina mahali patatu: kampuni, katikati ambapo ni kuzima, na jenereta. Kwa namna ilivyotengenezwa, haiwezi kushika pande mbili kwa wakati mmoja. Kazi hii si ya jirani anayejua kidogo. Tafuta fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, yaani Halmashauri ya Kudhibiti Kawi na Petroli, umwombe akuonyeshe leseni yake. Aangalie pia waya wa ardhi wa nyumba yako, na aupime kwa kipimo chake.

Kazi ikiisha, fanya jaribio hili mbele ya fundi kabla ya kumlipa. Siku ambayo stima ya kampuni ipo, weka swichi upande wa jenereta huku jenereta imezimwa. Vifaa vyote vilivyoungwa kwenye swichi hiyo vinapaswa kufa. Taa yo yote kati ya hizo ikiwaka, kazi haijakamilika.

KUWASHA, KUZIMA NA KUTUNZA

Stima ikipotea, chomoa kwanza televisheni na vifaa vingine laini, kwa sababu stima ikirudi huweza kuja kwa nguvu ikaviunguza. Tazama oili na petroli. Washa jenereta bila kazi yo yote, uiache dakika 2 au 3 ipate joto. Kisha washa kifaa chenye mota kubwa kwanza, ungoje kishike mwendo, ndipo uwashe kinachofuata, na taa ziwe za mwisho. Wakati wa kuzima, toa kazi zote kwanza, iache izunguke kidogo ipoe, ndipo uizime.

Usijaze petroli mashini ikiwaka au ikiwa moto. Petroli ikimwagika juu ya bomba la moshi hulipuka papo hapo. Iweke akiba katika mtungi uliotengenezwa kwa petroli, wenye kifuniko kinachokaza, mbali na nyumba na mbali na watoto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kwa chini mpaka ukafika kwenye jiko. Wala usiigeuze chupa ya soda kuwa chupa ya petroli, maana mtoto ataona soda.

Jenereta mpya hubadilishwa oili mara ya kwanza mapema, mara nyingi baada ya saa 20 za kazi, na baadaye kila inapotimiza saa zilizoandikwa katika kitabu chake. Andika saa katika daftari. Safisha chujio la hewa mara kwa mara, hasa mahali penye vumbi la majani na unga.

Na jambo la mwisho, lisilogharimu kitu: iwashe kila mwezi, hata kama stima haikupotea, uipe kazi kwa dakika 15 au 20. Petroli ikikaa miezi mingi huharibika na kuziba kabureta. Katika usiku ule wa tarehe 25 Agosti 2023, sehemu ya uwanja mkubwa wa ndege wa Nairobi ilikaa gizani kwa sababu jenereta moja ya akiba ilikataa kuwaka. Ikiwa hayo yaliupata uwanja wa ndege wenye mafundi wake, je, mashini iliyofunikwa gunia tangu mavuno yaliyopita? Akiba isiyojaribiwa si akiba.

MASWALI YA KUJIPIMA

Yasomeni maswali haya nyumbani au katika kikundi chenu, mjibu bila kutazama nyuma.

1. Taja kazi mbili za shambani kwako zisizoweza kungoja stima irudi, na mbili zinazoweza.
2. Nyumba ina taa 5 za wati 9, redio ya wati 15, na friji ya wati 150 inayotaka wati 900 kuanza. Shamba liko mita 2,100 juu ya bahari. Jenereta iwe ya wati ngapi?
3. Kwa nini kufungua dirisha hakutoshi jenereta ikiwa ndani?
4. Ni nani anayeweza kufa kwa sababu ya waya wenye plagi pande mbili, hata akiwa mbali na nyumba yako?
5. Jenereta yako iliwashwa lini mara ya mwisho?

Jibu la swali la pili: taa 45, redio 15, friji 150, jumla 210. Ongeza 750 za friji kuanza, upate 960. Mita 2,100 ni ngazi 7. 7 mara 3.5 ni 24.5, zinabaki 75.5 katika kila 100. Gawanya 960 kwa 0.755, upate karibu 1,272. Mashini ya wati 1,500 ya kuendelea yatosha.

Swali la tano hatuna jibu lake. Inuka ukaitazame.